Daraja la Mgeni

Kila siku, chai ya saa kumi ikishapita kooni, Mzee Boila alikuwa akitoa kigoda chake nje, anakiweka ukingoni mwa korongo, anapanga vifuniko vya soda juu ya ubao wake wa drafti, kisha anapaza sauti kuelekea ng'ambo.

"Shemeji! Umekufa au uko hai?"

Na kutoka ng'ambo sauti nyingine hujibu, "Niko hai! Ila wewe kwa mbali nakuona kama marehemu. Cheza!"

Ndivyo walivyocheza, kila mmoja na ubao wake, korongo katikati. Mmoja akisogeza kete anaitangaza, na mwenzake anaisogeza hiyo hiyo kwenye ubao wake.

"Ya pembeni, mbele moja!"

"Pembeni ipi? Ubao una pembe nne!"

"Iliyo upande wa mguu wako mbovu!"

"Mguu mbovu ni wako, shemeji! Wangu mzima, nacheza nao ngoma!"

Mtaa mzima ulijua nani ameliwa kete na nani amefika kingi, na mtaa mzima ulijua kwamba wazee wale hawajawahi hata siku moja kukubali kushindwa.

Mke wa Mzee Boila alisikiliza yote hayo akiwa barazani, mguu ukikanyaga cherehani. Watu walimwita Mama Cherehani, na yule shemeji wa ng'ambo alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo matusi yakitoka huku alikuwa akicheka, na yakitoka kule pia alikuwa akicheka, maana damu ni yake na ndoa ni yake.

Lakini kuna mambo mke huyaona ambayo mtaa hauyaoni. Zamani wazee hawa walikuwa wakikaa benchi moja. Walifanya kazi pamoja katika kiwanda cha nguo, mmoja kwenye boila, mwingine kwenye mashine za kufuma, na kiwanda ndicho kilichokuwa kikilitengeneza daraja la kuunganisha pande mbili za korongo, ili wafanyakazi wafike kazini. Kiwanda kikafungwa. Daraja halikufungwa na mtu, likaanza tu kufa lenyewe. Mbao zikaoza, nyingine zikapikiwa maharage, na mvua ikamalizia. Vikabaki vyuma viwili vyembamba, na watu wenye miguu mizuri wakawa wanavuka juu yake kwa ubavu kama kaa. Wenye watoto mgongoni walivuka wakiomba Mungu.

Mzee Boila naye alijaribu kuwa kaa. Aliteleza, akaanguka topeni, goti likavunjika. Tangu siku hiyo hakuvuka tena. Mara moja walimpandisha pikipiki izunguke kwa njia ya machimboni. Alishuka kwa shemeji yake akiwa amemaliza sala zote anazozijua na nyingine alizozitunga njiani, na akaapa kwamba akisharudishwa nyumbani, safari yake inayofuata ya pikipiki atapelekwa akiwa amefunikwa shuka.

Basi Mama Cherehani alikuwa akimwona. Asubuhi anakaa dirishani, hasemi. Mchana anakaa dirishani, anakohoa. Mtu wa soga amekuwa mtu wa kungoja saa kumi. Na kaka yake kule, mjane, anajipikia peke yake na kula peke yake. Mwaka ule kaka alipoumwa homa, hata kutoka nje asiweze, Mzee Boila alikaa na kigoda chake vile vile akacheza pande zote mbili, akipaza sauti ili mgonjwa asikie kitandani. "Shemeji! Umecheza vizuri, umenila mbili! Loo, umenila tena!" Alimwachia ashinde kila siku mpaka homa ikatoka. Alipopona wakaanza kutukanana upya, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mama Cherehani pia hakulitaja. Alilikunja akaliweka moyoni kama kitambaa kizuri kisichopatiwa mshono bado.

Alitaka kitu kimoja tu, kabla miguu ya watu hawa haijaisha kabisa: awaone wamekaa benchi moja.

Kwa hiyo Mwenyekiti wa mtaa alipoitisha kikao katika duka la Kinyozi, Mama Cherehani alikuwa wa kwanza kufika.

"Ndugu zangu," alisema Mwenyekiti, akiwa amesimama kati ya kioo na kalenda, "yale maombi yetu yamejibiwa. Serikali imetenga ruzuku ya barabara, mifereji na madaraja kwa maeneo yaliyoporomoka kiuchumi."

Kinyozi alishusha kitana. "Sisi tumeporomoka?"

"Tumeporomoka."

"Nani kasema?"

"Serikali. Tumeporomoka rasmi," alisema Mwenyekiti, na kifua chake kikapanda kidogo. "Mtaa wa jirani walijaribu, wakaambiwa hawajaporomoka vya kutosha."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akaendelea kwamba keshokutwa atakuja mhandisi kulikagua daraja kwa macho yake, upande huu na upande ule, na akiridhika kwamba hali ni mbaya, jina lao litapita.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipouliza swali lililozaa mambo yote.

"Huyo mhandisi atavukaje?"

Watu waliangaliana. Kila mmoja alimkumbuka yule bwana afya wa mwaka juzi, aliyetumbukia korongoni na suruali yake nyeupe, na jinsi mtaa ulivyoona aibu, na jinsi ulivyocheka kisha ukaona aibu zaidi.

"Mtoto wa watu atoke kwao aje kutusaidia," alisema Mama Cherehani, "halafu sisi tumvunje mguu? Tumtandikie angalau kitu cha kukanyaga. Mimi natoa ubao wangu wa kukatia vitambaa."

Wema ni kama miayo, mmoja akianza wenzake hawawezi kujizuia. Kinyozi akasema atatoa mlango wa duka. Muuza nyama akatoa meza yake kubwa. Wengine wakatoa nguzo za kuanikia nguo. Bwana na bibi arusi wa majuzi wakatoa chaga za kitanda chao, wakasema kulala chini siku mbili si neno, na wazee wakatazama dari.

Vitu vyote vikakabidhiwa kwa Seremala. Na hapo ndipo penye kosa, kama ni kosa. Tangu kiwanda kifungwe Seremala alikuwa hajapata kazi ya kumwonyesha mtu. Alikuwa akitengeneza vigoda na kurekebisha miguu ya viti vya watu wanene. Sasa amepewa mbao, na mgeni anakuja. Akapanga, akapima, akapiga randa. Akafunga kila kitu kwa kamba, kwa ustadi mkubwa, maana kitu cha kuazima hakipigwi misumari. Akaweka vishikio huku na huku. Kisha mtu akakumbuka kwamba kuna rangi ya bluu iliyobaki shuleni.

Siku ya pili jioni daraja lilikuwa linang'aa. Mwenyekiti alilitazama mpaka macho yakamlenga machozi.

"Tangu nizaliwe," alisema, "sijaona daraja zuri namna hii."

Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Nia ilikuwa njema kiasi kwamba akili iliona haya kuuliza maswali.

Mzee Boila alikuja na bakora yake akasimama pale lilipoanzia. Alinyoosha mguu mmoja.

"Rangi mbichi!" walimpigia kelele.

"Kesho, baba watoto," mkewe alimwambia. "Mgeni akishavuka, mimi mwenyewe nitakushika mkono."

Usiku ule mzee alipiga viatu rangi, na alikuwa akipiga mluzi.

Mhandisi alikuja asubuhi kwa gari lenye vumbi. Alikuwa mama mfupi mwenye buti nzito na uso wa mtu aliyelala njiani. Dereva alibaki garini. Mama Cherehani alimpenda mara moja, kwa sababu mbili: aliwaamkia wazee kabla ya kumsalimia Mwenyekiti, na kabla ya kukanyaga daraja alipangusa buti zake kwenye majani.

Akatembea hadi katikati. Akaruka kidogo, akasikiliza.

"Imara," alisema.

"Imara sana, mheshimiwa!" alisema Mwenyekiti.

"Halitikisiki."

"Hata kidogo!"

"Na mmelipaka rangi."

"Sisi ni watu wa kutunza vitu, mheshimiwa!" Kinyozi akaanza kumkanyaga mguu Mwenyekiti polepole, lakini Mwenyekiti alikuwa amesifiwa, na mtu aliyesifiwa miguu yake hufa ganzi.

Wakavuka hadi kwa kaka yake Mama Cherehani, ambako palikuwa na kivuli, na Mama Cherehani akamimina chai. Mhandisi akanywa, akashukuru, akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Wazazi wangu," alisema, "niseme kweli tu. Nimetumwa kuona daraja lililoharibika. Nimeona daraja zuri kuliko la kijijini kwetu. Sioni nitaandika nini."

Mwenyekiti alinyoosha kidole kuelekea darajani. "Juzi halikuwepo," alisema.

Mhandisi akatabasamu, lakini kwa uchovu. "Baba, kila ninakokwenda kuna hadithi. Kuna mahali waliniambia kisima kimekauka, kumbe wamekifunika kwa majani. Kuna mahali wamefukia mfereji mzima kwa siku moja. Watu huficha kizuri ili waonekane maskini. Sijawahi kuona wanaoficha ubovu, halafu waombe msaada. Mngekuwa ninyi ndio mimi, mngeamini?"

Kwa kweli hakuna ambaye angeamini.

"Na ruzuku yenyewe haitoshi wote," aliongeza kwa sauti ya chini. "Kuna wanaovuka maji ya kiunoni. Nikiwaandika ninyi wenye daraja, wao nitawaambia nini?"

Mama Cherehani alihisi moyo ukimshuka hadi kwenye ndala. Wazo la kumtandikia mgeni lilikuwa lake. Ubao wa kwanza ulikuwa wake. Akaweka chupa ya chai chini.

"Mwanangu," alisema, "maliza chai yako, kisha sogea pale ukingoni. Usikanyage tena daraja, simama tu. Nikuonyeshe kitu kimoja."

Mwenyekiti na wenzake wakatangulia kuvuka kurudi; Mama Cherehani akafuata hadi katikati, akaupita ubao wake, akainua macho. Ndipo alipomwona mumewe. Mzee Boila alikuwa amesimama mwanzo wa daraja katika koti lake la kiwandani, viatu vinang'aa, ubao wa drafti kwapani. Alikuwa akingoja kushikwa mkono kama walivyoahidiana.

Mama Cherehani alisimama. Akautazama ubao wake wa kukatia, akamtazama mumewe.

"Baba watoto," alisema, "nikiutoa huu, leo huvuki."

"Na usipoutoa?"

"Utavuka leo. Kesho watu watachukua vitu vyao, na huyu mama ataondoka hajaandika kitu."

Mzee Boila alitazama ng'ambo, penye benchi chini ya kivuli, mahali ambapo hajakaa tangu ile safari ya pikipiki. Akaupandisha ubao wa drafti vizuri kwapani.

"Utoe," alisema. "Isitoshe shemeji mwenyewe hajaoga."

"Nimesikia!" sauti ikatoka ng'ambo.

Mama Cherehani alipiga magoti, akafungua kamba, akauinua ubao wake na kuugeuza. Chini yake kulikuwa na alama za chaki za mabega na mikono, na nyuzi za rangi rangi zimenasa kwenye nyufa. Na mahali ubao ulipokuwa pakabaki tundu, na ndani ya tundu vile vyuma viwili, na chini ya vyuma, korongo.

"Hapa ndipo ninapokatia sare za watoto wa shule," alisema. "Tuliogopa utaanguka, mwanangu. Basi."

Mhandisi aliinama kuangalia. Huenda mambo yangeishia hapo kwa heshima. Lakini Kinyozi alikuwa anaangalia pia.

Kinyozi alikuwa na mateso yake. Duka lisilo na mlango si duka, ni zizi. Asubuhi ile alimkuta mbuzi amesimama mbele ya kioo anajitazama, taulo la mteja likiishia mdomoni mwake. Sasa ameona ubao mmoja umeinuliwa, akajua shughuli imekwisha. Na kila mtu anajua: kwenye shughuli, kiti cha kwanza kikibebwa kurudishwa, vingine havikai. Kila mtu huwahi chake kabla hakijabebwa na mwingine.

"Mlango wangu!" alisema Kinyozi, akakimbia.

"Meza yangu ina wateja!" alisema Muuza nyama, akamfuata.

"Ngojeni!" alipiga kelele Mama Cherehani. "Ngojeni jamani, mgeni hajarudi!"

Nani amsikie? Ilikuwa ni shika huku, vuta kule, hicho si chako, angalia kidole changu. Walioko ng'ambo nao wakaanza kufungua upande wao kwa bidii ile ile, wasionekane wavivu. Mlango wa Kinyozi ukageuzwa, na chini yake kumbe bado pameandikwa kwa herufi kubwa: FUNGA MLANGO, MBUZI WANAINGIA. Meza ya nyama ikatoka na miguu yake minne, ambayo muda wote ilikuwa ikining'inia chini ya daraja. Bwana na bibi arusi wakachukua chaga zao bila kumtazama mtu usoni. Hata nguzo za nguo zikaondoka. Daraja la bluu likaisha kama sukari kwenye chai, vikabaki vyuma viwili.

Vumbi lilipotulia, watu waligeuka kutazama ng'ambo. Mhandisi alikuwa amesimama ukingoni, kikombe mkononi. Gari lake lilikuwa upande huu. Dereva wake alikuwa upande huu, amelala.

"Mama!" aliita Mhandisi.

"Naam, mwanangu," alijibu Mama Cherehani, mkono mdomoni.

"Sasa nitarudije?"

Watu wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akanong'ona, "Tumemfungia mgeni ng'ambo. Tumeporomoka kweli kweli." Lakini Mzee Boila, ambaye swali hilo alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu goti livunjike, aliinua bakora yake juu.

"Hilo ndilo swali letu, mwanangu!" alipaza sauti. "Andika hilo hilo!"

Mhandisi alivitazama vyuma. Akaweka buti moja juu ya chuma, akairudisha. Akatazama chini, akatazama watu waliobeba milango na chaga, akamtazama Kinyozi ambaye mbuzi alikuwa tayari anamnusa mfukoni. Kisha alianza kucheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika, mpaka ikabidi akae kwenye benchi, na kaka yake Mama Cherehani akampokea kikombe, akampa leso safi.

Dereva aliamshwa akaambiwa azunguke.

"Ni mbali?" aliuliza.

"Si mbali sana," alisema Mwenyekiti. "Ni mbali tu."

Wakati wa kungoja gari, Mhandisi alifanya kazi yake. Alivipima vyuma upande wa ng'ambo. Akauliza maswali kwa kupaza sauti, na Mama Cherehani akajibu kwa kupaza sauti: zahanati iko upande gani, shule iko upande gani, mjamzito anapita wapi, mvua ikinyesha inakuwaje. Akaomba Kinyozi asimamishe mlango wake vizuri ampige picha. Kinyozi akachana nywele kwanza. Mbuzi naye alitokea kwenye picha, hakuna aliyemwita.

Wazee nao hawakuona sababu ya kupoteza siku.

"Shemeji!" aliita kaka yake Mama Cherehani. "Leo mgeni anachezea upande wangu!"

"Haramu! Wawili kwa mmoja?"

"Yeye ana elimu, wewe una boila. Tumelingana!"

"Ya katikati, naila," aliita Mhandisi, "na nyingine ya nyuma yake naila!"

"Sisikii!" alijibu Mzee Boila. "Upepo!"

Hapakuwa na upepo hata wa kupoza uji.

Jua lilikuwa limeteremka gari lilipofika ng'ambo. Mhandisi aliaga wote kwa mkono, kisha akaweka viganja mdomoni. "Mama! Siwezi kuahidi! Nitaandika nilichokiona!"

"Andika, mwanangu! Na njiani ule!"

Akaondoka. Kinyozi alirudisha mlango wake, na kwa kuwa upande wa nje sasa ulikuwa wa bluu wenye alama ya buti, aliuacha hivyo hivyo. Kila aliyekuja kunyolewa alionyeshwa ile alama.

Serikali haina haraka, hilo tulijue. Mvua zilikuja zikaenda. Mzee Boila aliendelea na kigoda chake, na Mama Cherehani aliendelea na cherehani, na mara nyingine akimwona mumewe dirishani alijiuliza kama siku ile alifanya vyema. Kisha asubuhi moja malori yalikuja na kokoto, na watu wenye kofia ngumu, na kibao kilichosema ni mradi wa ruzuku.

Daraja jipya lilikuwa la zege. Seremala alilitembelea kila siku wakati linajengwa, na kila siku alisema ni zuri lakini halina nakshi. Siku ya kulifungua, Mwenyekiti alikata utepe wa bluu alioushona Mama Cherehani kwa vipande vilivyobaki, akataka kutoa hotuba. Alipoona Mzee Boila ameshavaa koti, aliikunja hotuba akaitia mfukoni, akasogea kando. "Tangulia, mzee," alisema. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

Mzee Boila alivuka amemshika mkewe mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alibeba ubao wake kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vya chai, maana mchezo wa jana ulikuwa haujaisha na kila kete ilikuwa mahali pake. Ng'ambo shemeji yake alikuwa amekaa benchini, amesogea pembeni kuacha nafasi. Alikuwa ameoga. Hawakusalimiana sana. Mzee Boila alikaa, akashusha pumzi, akapapasa mbao za benchi kwa kiganja kana kwamba ni mgongo wa ng'ombe wake aliyepotea. Mama Cherehani aliwaacha, akarudi kwenye kazi yake.

Hakuwa hata amepitisha uzi kwenye sindano aliposikia.

"Mbona kwako nina kete mbili tu?"

"Ndizo ulizobaki nazo!"

"Mimi kwangu ninazo tano na kingi! Kingi wangu yuko wapi?"

"Kingi gani? Huku hajawahi kufika kingi yeyote!"

"Miaka yote hii, shemeji! Miaka yote hii unanila kimya kimya!"

"Na huyu wangu, aliyekuwa hapa, kwako umemzika wapi?"

Muuza nyama alitoka nje kusikiliza. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja.

Mama Cherehani aliweka mkasi juu ya ubao wake wa kukatia, ambao pembeni bado ulikuwa na bluu isiyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Akasikiliza vizuri. Kelele zilikuwa zile zile za siku zote, ila leo zote zilitoka ng'ambo.

Akachukua chupa ya chai na vikombe vitatu, akavuka.